Manjanja yanang'aa kwa faida ya nani?

Wandugu raia wa Lweba, wa Baraka na wa Fizi yote,

Kuna swali moja ambalo muuzaji wa manjanja hawezi kukujibu, akiwa Lweba, akiwa Baraka, akiwa Uvira: haya manjanja mapya yanang'aa hivi, yamepakwa nini juu? Namba atakuambia, 28, 30, 32. Jina la kiwanda atakuonyesha, limepigwa muhuri pale pale. Ukichukua mengi atakupunguzia dola moja. Lakini kile kilichopakwa juu, hapana. Naye si wa kulaumiwa kwanza, maana Leta haijawahi kumwomba ajue.

Tunalileta hapa kwa sababu maji yetu ya kunywa yanapita juu ya manjanja hayo. Mvua inaanza, mama anatoa beseni na bido, anapanga chini ya paa. Hiyo ni picha ya kila nyumba yetu. Kwa hiyo kitu kilichopakwa kwenye paa si mambo ya fundi peke yake, ni mambo ya kikombe.

Tueleze polepole. Mimi niko na diploma ya chuo kikuu na kazi sina, kwa hiyo muda wa kusoma karatasi za viwanda ninao wa kutosha.

Manjanja, wenzetu wa Kigoma wanaita mabati, ni chuma chembamba kilichovishwa zinki. Zinki inalinda chuma kwa kujitoa yenyewe: inaliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Zinki ikikaa kwenye hewa inajijengea ngozi ngumu ya kijivu, na kwa ngozi hiyo paa linadumu miaka. Adui yake mkubwa ni maji yaliyofungiwa fasi isiyopita hewa. Ukibananisha manjanja mia moja, unyevu ukaingia katikati, baada ya siku chache unakuta unga mweupe. Hiyo ndiyo kutu nyeupe. Mara nyingi haijatoboa kitu bado, lakini mnunuzi akiiona anakataa, au anaomba bei ishuke.

Ili unga huo usitokee, viwanda vingi duniani vilizoea kupitisha manjanja kwenye dawa ya kromati kabla ya kuyafunga. Inabaki ngozi nyembamba sana, pengine huioni kabisa, pengine ina unjano kidogo. Kromu ya kromati ni ile wanakemia wanaita kromu-6. Iko na ndugu yake, kromu-3, ambaye hana ukali huo. Msichanganye hao wawili. Kromu-6 imewekwa katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, na shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya OMS. Kundi la kwanza maana yake ushahidi umetosha. Wafanyakazi waliovuta moshi na vumbi lake walipata kansa ya mapafu. Inachoma ngozi, inatoboa ukuta wa katikati ya pua. Kwa maji ya kunywa, OMS imeweka kikomo cha mikrogramu 50 za kromu kwa lita moja. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja, kwa hiyo jionee wenyewe jinsi kikomo kilivyo kidogo.

Na sasa sikilizeni hii. Viwanda vinapenda kromu-6 kwa nini? Kwa sababu inayeyuka kwenye maji! Manjanja yakikwaruzwa, unyevu unabeba kromu kidogo kutoka pembeni, unaipeleka kwenye jeraha, jeraha linafungwa. Wanasema inajiponya. Lakini kitu kinachotembea na maji hakichagui njia. Kinaweza kutembea mpaka kwenye jeraha, kinaweza pia kutembea mpaka kwenye beseni la mama. Uzuri wake na ubaya wake ni tabia moja.

Tufanye hesabu, nanyi mshike kalamu. Tuseme paa ni mita mraba 40. Tuseme ngozi ya kromati ina miligramu 20 za kromu kwa kila mita mraba. Jumla ni miligramu 800 juu ya nyumba moja. Tuseme mvua kubwa ya kwanza inabeba sehemu moja tu kati ya kumi, yaani miligramu 80. Mvua ya milimita 10 juu ya paa hilo inatoa lita 400, sawa na bido 20. Gawanya: mikrogramu 200 kwa lita. Mara nne ya kikomo cha OMS. Kweli, kikomo hicho kimehesabiwa kwa mtu anayekunywa maji yale yale maisha yake yote, na mvua za kwanza zinapita, kromu inapungua. Hatuko hapa kutisha mtu. Lakini mwenye kusema "ni kidogo, haidhuru" alete hesabu yake naye, na alete kipimo, si mabega ya kupandisha.

Na ili mtu asitusikie vibaya: usirudi kuchota ziwani juu ya tamko hili. Kolera Fizi tunaijua kwa majina ya watu tuliozika. Kolera inaua kwa siku moja au mbili. Maji ya paa bado ni bora kuliko maji ya ziwa yasiyotiwa dawa. Tunachosema ni hiki: ukiezeka na manjanja mapya, mvua kubwa za kwanza acha ziende, fua nazo kama unataka, usinywe. Na hata kwa paa la zamani, dakika za kwanza za kila mvua zimwage, maana zinabeba vumbi na mavi ya ndege. Hiyo haina gharama. Lakini pia si haki kwamba kinga yote iwe kazi ya mama mwenye beseni, na aliyepaka dawa asiulizwe kitu.

Maana hiyo dawa inamlinda nani? Fuata safari ya manjanja. Yanatoka kiwandani, pengine ng'ambo, yanakaa kwenye meli wiki na wiki katika unyevu wa chumvi. Yanashuka Mombasa au Dar es Salaam. Yanapanda gari, yanafika Kigoma au Bujumbura, yanapanda boti, yanavuka Tanganyika, wimbi linarusha maji juu yake. Yanafika kwenye depo ya Baraka, yanawekwa chini kwenye udongo. Kromati ipo kwa ajili ya safari hiyo. Ipo ili mali ifike inang'aa na ilipwe bei kamili. Ukishaezeka, kinacholinda nyumba yako miaka kumi na tano ni uzito wa zinki na unene wa chuma. Na hapo ndipo tunaibiwa mara ya pili: manjanja mepesi, zinki ya kulamba tu, lakini yanang'aa sana. Mng'ao unamfaidi muuzaji, na masalio yake yanabaki kwako.

Sasa, je, dunia haina njia nyingine? Iko nazo, na haikuzigundua jana.

Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Julai 2006, hauruhusu kromu-6 kupita asilimia 0.1 katika vyuma na vipande vya vifaa vya umeme vinavyouzwa kule. Tangu tarehe 1 Julai 2007 umeikataza katika ngozi za kuzuia kutu za magari. Somo la sheria ile ya magari ni gari lililokufa: walitaka siku gari linapopelekwa kuvunjwa, lisiache sumu kwenye udongo wao. Someni tena hapo. Gari bovu la Bruselesi limewekewa sheria dhidi ya kromu-6 karibu miaka ishirini iliyopita, na paa ambalo mtoto wa Lweba anakinga maji chini yake halina hata karatasi inayosema limepakwa nini.

Viwanda vya Japani navyo viliuza chuma cha zinki kisicho na kromati, kwa sababu watengenezaji wa vifaa vya umeme walikikataa kile cha zamani.

Njia zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni kutumia yule ndugu mpole, kromu-3. Dawa yake inatumika leo kwa misumari na vipande vya magari duniani kote. Udhaifu wake ni kwamba haijiponyi sana kama kromu-6, na ili kuiongezea nguvu, mara nyingi wanatia chumvi ya kobalti. Ndiyo, kobalti. Ile inayotoka kwetu Kolwezi. Inakwenda kulinda vyuma vya watu, sisi tunarudishiwa kile walichokikataa. Sitaongeza neno hapo.

Ya pili ni dawa za zirkoni na titani, ambazo zinajenga ngozi nyembamba bila kromu yoyote. Hizo zinatumika sana chini ya rangi, kwa manjanja yale ya rangi nyekundu, ya buluu au ya kijani. Ya tatu ni silani iliyochanganywa na utomvu mwembamba wa plastiki; inakauka kama vernisi na kufunga zinki isikutane na maji. Zote zinadai kiwanda kiwe makini: chuma kisafishwe vizuri, joto na uchachu wa dawa vipimwe kila saa. Kromati inasamehe mvivu, hizi hazisamehi. Tunafikiri hiyo ndiyo sababu ya kweli inayofanya watu waing'ang'anie, kuliko hata bei.

Halafu kuna njia ambayo haina kemia yoyote, nayo inaweza kuanza Lweba kesho asubuhi. Manjanja yasilazwe kwenye udongo. Weka miti chini, inua upande mmoja ili maji yateremke, acha hewa ipite kati ya mafungu, funika juu lakini usizibe pembeni kama mfuko. Fungu likilowa njiani, lifungue, kausha kipande kwa kipande. Vitabu vya wenye viwanda vya zinki wenyewe vinaeleza hivyo hivyo. Depo yenye paa na hewa inafanya sehemu kubwa ya kazi ya kromati. Lakini bila shaka kujenga depo ni pesa ya mwenye mali, na kromati ni afya ya wengine, kwa hiyo tunajua ni ipi itachaguliwa kama hakuna anayeangalia.

Neno kwa mafundi wetu, kwa sababu wao wako karibu na moto kuliko sisi. Kukata manjanja kwa mashine ya kusaga, kuchomelea chuma chenye zinki bila kuondoa ngozi, kuyeyusha vipande vya zamani kwa ajili ya mbabula: moshi huo una zinki, na unaweza kuwa na kromu-6 ndani. Ile homa ya jioni baada ya kuchomelea, mnayoitibu kwa maziwa, ni moshi wa zinki, na maziwa hayaitibu. Fanyeni kazi nje, upepo uwe mgongoni, mkwaruze ngozi kwanza pale mnapochomelea. Na ile rangi ya njano ya kuzuia kutu inayopakwa kwenye boti za chuma na milango, ulizeni kama ni kromati ya zinki. Ipo ya fosfati ya zinki, inafanya kazi hiyohiyo.

Kuna watu watacheka. "Fizi iko na vita, iko na barabara mbovu, iko na njaa, na nyinyi vijana mnaongelea ngozi ya manjanja?" Tunajibu: ndiyo. Kwa sababu ni vita na maji vinavyotufanya tuezeke tena na tena. Mwaka 2024 Tanganyika ilipanda, nyumba za kando ya maji zikaenda, na kabla ya hapo ilikuwa imepanda tayari mwaka 2020 na 2021. Watu wanakimbia, wanarudi, wanajenga upya. Kila anayejenga upya ananunua manjanja mapya, yaani anaanza tena na mvua ya kwanza. Fasi yenye amani inaezeka mara moja kwa kizazi. Sisi tunaezeka kila mara.

Wengine watasema maskini hachagui. Huo ni uongo unaowafaa wanaouza. Watu wa Hinkley, kule California, hawakuwa matajiri. Kampuni ya Pacific Gas and Electric ilitia kromu-6 kwenye maji ya kupoozea mitambo ili yasile vyuma, yaani kazi ileile ya kuzuia kutu, na kati ya 1952 na 1966 maji hayo yalimwagwa kwenye mabwawa yasiyo na sakafu, yakaingia kwenye visima vya kijiji. Mwaka 1996 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 333. Walisikilizwa kwa sababu waliuliza na wakapima. Na chini yetu sisi hakuna kisima kidogo. Kuna Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, lenye mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Kinachoingia humo kinakaa. Ndakala na mikeke wanakaa humo pamoja nacho.

Na sheria tuko nazo, si za kuomba. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na kinampa pia wajibu wa kuyatetea; basi wajibu huo ndio tunaufanya hapa. Kifungu cha 48 kinataja maji ya kunywa. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inahusu ulinzi wa mazingira. Mkataba wa ziwa Tanganyika ulitiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Kongo imo pamoja na Burundi, Tanzania na Zambia. Tangu 2022 tuko pia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako manjanja mengi yanatengenezwa. Kwa hiyo hakuna mtu aseme mikono yake imefungwa.

Tunadai, kwanza kwa OCC, maana kazi yake ni kukagua mali inayoingia: kila mzigo wa manjanja uje na karatasi ya kiwanda inayosema ngozi yake ni ya nini, na uzito wa zinki ni gramu ngapi kwa mita mraba. Mzigo usio na karatasi upimwe. Kipimo cha mwanzo si cha maabara kubwa: kuna dawa inaitwa difenilkabazidi, unaitia kwenye maji yaliyoosha kipande cha chuma pamoja na asidi kidogo, kromu-6 ikiwemo inageuka zambarau. Vijana waliosoma kemia wako Baraka na Uvira, wanauza krediti za simu barabarani. Wapeni chupa na mkataba.

Kwa Leta, na hasa kwa wanaosimamia mradi wa maendeleo ya maeneo 145: mnaezeka shule na vituo vya afya kwa pesa yetu. Andikeni katika masharti ya soko kwamba manjanja, mifereji na matanki ya maji yawe bila kromu-6. Ni mstari mmoja. Kwa mashirika ya misaada yanayonunua manjanja kwa tani, mstari huohuo. Nyumbani kwenu Ulaya mngeuliza kabla ya kununua. Ulizeni na hapa. Mnunuzi wa vipande ishirini hawezi kumgeuza mwenye kiwanda, mnunuzi wa elfu ishirini anaweza.

Kwa zoni za afya za Nundu na Fizi: ongezeni neno la mvua za kwanza katika mafundisho mnayotoa juu ya kolera, kwa maneno ambayo mama ataelewa bila kuacha maji ya paa.

Kwa wenye maduka, hatuwaiti wezi, wengi wenu ni baba na kaka zetu. Ulizeni mnakonunua, na inueni manjanja kutoka kwenye udongo.

Na nyinyi mnaosoma hapa kwenye simu: ukiwa unanunua, uliza "yamepakwa nini?" kabla ya kuuliza bei. Piga picha ya muhuri na ya karatasi kama ipo. Sisi tutaanza na maduka ya Lweba, halafu tutapanda Baraka. Tutachapisha hapa duka ambalo limetuonyesha karatasi na lile ambalo halina, na barua yetu kwa OCC itakuwa pembeni yake, na jibu lao chini, au nafasi tupu kama hawajajibu.

Imetolewa Lweba, territwari ya Fizi.